Diski mpya mara mbili na usukani bado unatetemeka: kisa cha SUV moja ya safari za Dar na Iringa

Gari yenyewe ni SUV ya Kijapani ya mwaka 2018, imeingia nchini ikiwa used lakini bado ni gari mpya ukilinganisha na tunazoziona garage kila siku, ina breki ya mkono ya kitufe, ina auto hold (breki inabaki imeshika yenyewe gari ikisimama), ina kruzi (gari inajishikia spidi yenyewe) inayojipunguza ikikuta gari mbele. Mwenye gari ni mama mmoja mfanyabiashara, anapeleka vitenge Iringa na kurudi Dar, yani hii gari maisha yake ni barabara ndefu na milima. Shida aliyokuja nayo ni kwamba akiwa kwenye 80 kwenda juu akikanyaga breki taratibu usukani unacheza kushoto kulia, pedali inagonga kwenye mguu, akishuka mpaka kwenye 40 inapotea kabisa kama haijawahi kuwepo.

Kabla ya kufika kwangu walishambadilishia diski za breki za mbele mara mbili, na pedi juu yake, sehemu mbili tofauti. Kila mara gari ilitoka garage ikiwa safi, ikakaa miezi kadhaa, alafu tetemeko likarudi palepale. Kwa hiyo akaniambia, "Mwanangu, hela ya diski ya tatu sitoi mpaka mtu anionyeshe kwa macho yangu hiyo diski imepindaje." Nikamwambia mama, hilo ndo swali sahihi, na watu wengi wangeliuliza wangeokoa pesa nyingi sana.

Maana huku mtaani usukani ukitetemeka kwenye breki jibu linatoka kabla hata gari haijapandishwa jeki: diski imepinda, badilisha. Na kwa kweli ukibadilisha shida inaisha, kwa muda, ndo maana kila mtu anaamini jibu ni lile. Lakini diski ya kawaida ni chuma cha kasti kinene, hii ya huyu mama ikiwa mpya ina milimita 28 na ina matundu ya hewa katikati, chuma cha namna hiyo kupinda kwa matumizi ya barabarani ni kitu cha nadra mno. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba diski imekosa unene sawa kuzunguka, sehemu moja nene kidogo, nyingine nyembamba kidogo, na hiyo kidogo ninayoisema ni milimita 0.02 tu au hata chini ya hapo, unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo mara tatu nne. Kwa jicho huoni, kwa kidole husikii. Bila kipimo hakuna fundi duniani anaweza kukwambia kwa uhakika, anakisia.

Sasa kwanza tukatoka nayo barabarani maana breki haipimwi kwa kusimuliwa. Nikaipeleka mpaka 100 bila kugusa breki, imetulia, usukani haujatikisika. Hapo nikaondoa habari ya balansi ya tairi na rimu iliyopinda, kwa sababu hizo zingetetemesha gari hata mguu ukiwa mbali na pedali. Nikakanyaga breki taratibu, usukani ukaanza, na kadiri spidi inavyoshuka mapigo yanapungua kasi sambamba na tairi. Hiyo ndo alama kubwa. ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge kwenye breki) nayo hugonga mguuni lakini hiyo inakuja ukikanyaga kwa nguvu au kwenye mchanga, na mlio wake ni wa haraka haraka kama kitu kinachoguruma, haifuati mzunguko wa tairi. Na kwa vile tetemeko lilikuwa kwenye usukani na sio kwenye kiti, nikajua naanza mbele. Diski za nyuma zikiwa na hii shida mara nyingi unaisikia kwenye kiti na sakafu, usukani unabaki umetulia.

Cha kufikiria zaidi hapa kilikuwa ile historia. Kama diski ni mbovu tangu dukani, itatetemeka tangu siku ya kwanza. Kama diski inatoka garage ikiwa nzima, inakaa vizuri miezi kadhaa, alafu inaharibika, na ikibadilishwa nayo mpya inaharibika vilevile, basi kuna kitu kwenye gari kinaziharibu na hicho kitu hakijawahi kuguswa. Mtu anabadilisha kilichoumia na kumuacha anayeumiza yupo humohumo.

Nikatoa tairi ya mbele kulia. Kabla ya kutoa kitu kingine chochote nikaweka nati zote tano pamoja na washa zake, nikazikaza sawasawa ili diski ikae kwenye habu (kile kitovu kinachobeba diski na tairi) kama inavyokaa tairi ikiwepo (watu wengi wanapima diski inaning'inia hivihivi, kipimo kinakuwa cha uongo), nikafunga dayo geji (kipimo cha mshale kinachoonyesha kuyumba), ncha yake nikaigusisha kwenye uso wa diski kama sentimita moja kutoka ukingoni, nikaanza kuzungusha kwa mkono polepole. Mama nikamuita asogee aangalie mshale mwenyewe. Ukaenda, ukaenda, ukasimama, ukarudi. Milimita 0.11. Kwa magari mengi ya kisasa kikomo ni kama 0.05, yani hii diski ilikuwa inayumba pembeni mara mbili ya inavyoruhusiwa. Upande wa kushoto 0.04, uko sawa. Alafu nikachukua maikromita (kipimo cha unene) nikapima unene sehemu nane kuzunguka diski ya kulia, tofauti kati ya pale panene na pembamba ikatoka 0.03. Hiyo hapo ndo inayomtetemesha.

Akaniambia, "Si ndo kupinda huko?" Ni swali la maana na ndo hapa watu wengi wanapotea, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu kidogo.

Kuyumba na kukosa unene sawa ni vitu viwili. Diski inaweza kuwa imenyooka kabisa, unene sawa kila mahali, lakini imekaa upande kwenye habu, kwa hiyo ikizunguka inapepesuka kwenda ndani na nje. Kwenye gari yenye kalipa (kile kibano kinachoshika pedi) ya kutembea kwenye pini, kama nyingi za hizi, ukikanyaga breki kalipa inaifuata diski inavyoyumba, kwa hiyo mwanzoni husikii kitu. Diski mpya, inayumba 0.11, na dereva anatoka garage anakwambia fundi asante gari imekuwa nzuri sana. Shida inajengwa pale ambapo hujakanyaga breki. Pedi haziendi mbali na diski ukiachia pedali, zinakaa karibu kabisa, sasa ile sehemu ya diski iliyoinama nje inaigusa pedi ya nje kila mzunguko, na ile iliyoinama ndani upande wa pili inaigusa pedi ya ndani. Kidogo sana, hata mlio hakuna. Lakini kwa tairi ya gari hii, ambayo mzunguko wake mmoja ni kama mita 2.2, kwenye 100 diski inazunguka mara 12 hivi kwa sekunde, na safari ya Dar mpaka Iringa ambayo ni kama kilometa 500 ni mizunguko zaidi ya laki mbili. Kwenda tu. Kila mzunguko unalamba palepale. Baada ya miezi pale panapolambwa pamekuwa pembamba, au kulingana na aina ya pedi, badala ya kulika panapakwa utando wa pedi na kuwa panene. Hapo sasa usawa wa unene umepotea, na ukikanyaga breki pale panene pakipita katikati ya pedi panaisukuma pistoni irudi nyuma, mafuta ya breki yanasukumwa mpaka kwenye mguu wako, na pembamba pakipita nguvu ya breki inalegea. Kaza legea kaza legea mara 12 kwa sekunde, usukani lazima ucheze.

Kwa hiyo diski haikupinda. Ilifungwa imekaa upande, na barabara ikamalizia kazi.

Swali likabaki inakaa upande kwa nini. Nikatoa kalipa nikaifunga na waya isining'inie kwenye mpira wake, nikatoa diski, na habu ikajieleza yenyewe. Uso wote ambao diski inakaa ulikuwa na kutu, na sio ile ya rangi tu, ni magamba, hasa kuzunguka mashina ya stadi (zile bolti za habu zinazofungwa nati za tairi), na upande mmoja yamepandana kama ukoko. Kwenye uso wa ndani wa ile diski kuna alama inayoonyesha kabisa ilikuwa inaegemea pale na pengine haigusi. Hesabu yake ni rahisi, uso wa habu una upana wa kama sentimita 14 na diski ina kama sentimita 28, kwa hiyo gamba la 0.05 kwenye ukingo wa habu linakuwa 0.1 kwenye ukingo wa diski, linajizidisha mara mbili. Na gamba la 0.05 ni kitu ambacho ukipitisha kidole na grisi mkononi hukijui kipo.

Kutu hii haishangazi. Baadhi ya gari tunazoletewa kutoka Japani zimeishi sehemu za theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, zikifika hapa zinakutana na hewa ya bahari ya Dar, Tanga, Zanzibar. Juu gari inang'aa, chini mambo mengine. Na fundi akibadilisha diski anachomoa ya zamani anachomeka mpya juu ya kutu ileile, dakika chache kazi imeisha, hakuna anayemlipa kwa kusugua.

Nikasugua. Brashi ya waya kwanza, alafu msasa, na kwenye mashina ya stadi nikakata kipande cha msasa wa duara chenye tundu kikaingia kwenye stadi na kuzunguka, maana hapo brashi haifiki vizuri na ndo penye magamba mabaya. Nilitandika boksi chini, na ule unga wa kahawia uliodondoka mama aliupiga picha. Nikapima habu yenyewe kwa geji, chini ya 0.02, safi, maana kama habu ndo imepinda au beringi imelegea basi usafi peke yake usingetosha. Nikarudisha diski ileile ya zamani, bila kuibadilisha, nikakaza nati, nikapima. Kutoka 0.11 ikaja 0.05. Alafu nikaizungusha nafasi moja ya stadi nikapima tena, na tena, kwa nafasi zote tano, kwa sababu habu ina kasoro yake ndogo na diski ina yake, kuna nafasi zinaongezeana na kuna nafasi zinafutana. Kwenye nafasi mojawapo ikasoma 0.03. Nikapiga alama ya rangi kwenye diski na kwenye stadi ili popote itakapotolewa irudi hapohapo. Kazi hii haina gharama yoyote zaidi ya muda na kwa maoni yangu ndo iliyomponya huyu mama kuliko kitu kingine chochote.

Ikabaki habari ya unene. Kuyumba tumemaliza lakini ile 0.03 ya unene bado ipo kwenye chuma. Ukingoni mwa diski kuna maandishi yamechapwa, MIN TH, yani unene wa chini unaoruhusiwa, na namba, hii yake 26. Diski ilikuwa na 27.6. Kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kuchonga kidogo kwenye mashine bila kukaribia kikomo, na kwa vile haikuwa na yale madoa ya bluu ya kuungua nikaona inafaa. Madoa yale ukiyaona, chuma hapo kimepata joto la juu sana kikageuka kigumu kuliko pembeni, ukichonga unakata juu tu, chini bado kigumu, tetemeko linarudi. Hizo ndo za kutupa. Za kwake nikapeleka zote mbili zikachongwa pande mbili, mkato mwepesi, zikarudi nikazifunga kwenye alama nikapima tena. Kuchonga peke yake bila kusafisha habu kungekuwa kupoteza ile milimita 1.6 ya chuma iliyobaki kidogo kidogo mpaka diski iishe, na ndivyo inavyofanyika sehemu nyingi.

Pedi nikaweka mpya maana za zamani zililika upande, na sababu yake ilikuwa pini ya chini ya kalipa ya kulia imekauka, inatembea kwa shida. Nikaisafisha na kuipaka grisi ya breki ya silikoni. Hii nasisitiza, usiweke grisi ya kawaida ya beringi kwenye pini za kalipa, inavimbisha ule mpira na pini inakwama zaidi ya mwanzo.

Alafu nati za tairi. Nilipokuwa nafungua zile za kulia mbili zilitaka bomba refu kwenye spana na nyingine zilitoka kwa mkono mmoja. Mama akakumbuka aliwahi kupata pancha njiani, na fundi pancha alikaza kwa kupanda juu ya spana kwa miguu. Pengine wanatumia mashine ya upepo inapiga mpaka inanyamaza. Diski imebanwa katikati ya rimu na habu, ukikaza upande mmoja kwa nguvu kubwa na mwingine kidogo unaivuta ikae upande hata kama habu ni safi kama kioo. Gari ya saizi hii nati zake zinataka kama 100 hadi 110 Nm, tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ndo inayokwambia umefika, na unakaza kwa kuruka ruka kama nyota, sio kwa kufuatana. Sasa hivi ana tokirenchi yake kwenye buti na akizibiwa pancha anakaza yeye mwenyewe.

Tukaenda kuzoesha pedi na diski asubuhi na mapema barabara ya Bagamoyo, mbele ya Bunju huko kabla magari hayajajaa. Unatoka kwenye 80 unapunguza kwa breki ya wastani mpaka kama 20, husimami, unaondoka tena, unarudia hivyo mara kadhaa, alafu unaendesha tu bila kugusa breki mpaka zipoe. Lengo ni pedi ipake utando mwembamba sawa kuzunguka diski yote. Usukani ulikuwa umetulia kabisa na mama akaendesha yeye kurudi.

Lakini sikutaka aende Iringa bila kuongelea Kitonga. Kule anaposhuka kurudi Dar, mlima mrefu wenye kona, malori yako mbele yanatambaa, na mwenye gari ya automatiki anaacha gia kwenye D anakalia breki kuanzia juu mpaka chini. Nilimuuliza akimaliza mlima anafanyaje, akasema anasimama Ruaha Mbuyuni ananunua vitunguu. Sasa fikiria diski imetoka mlimani ina joto kali, anasimama, na auto hold inaishikilia breki yenyewe hata kama yeye ametoa mguu, pedi zimebana palepale dakika nzima wakati anapatana bei dirishani. Pale pedi ilipobana panapikwa, utando unaganda kwa umbo la pedi, na sehemu nyingine ya diski inapoa kwa hewa. Ni njia nyingine ya kupata unene usio sawa na haihitaji kutu yoyote. Magari ya zamani hayakuwa na hiki kitufe, dereva aliachia breki akavuta ya mkono.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi: anaposhuka anaweka gia ya chini kwa kutumia zile pedali za gia nyuma ya usukani, injini ishikilie gari, na breki akanyage kwa vipindi, anapunguza kwa uhakika kisha anaachia, sio kuisugua muda wote. Kruzi ya kujipunguza anaizima kwenye mteremko maana nayo ikikuta lori mbele inatumia breki. Akifika chini anaendelea kutembea kilometa kadhaa bila kugusa breki ndo asimame, na akisimama auto hold iwe imezimwa, mahali tambarare anaweka P anatoa mguu. Vitunguu havikimbii, viko barabara nzima pale.

Baada ya hapo ameshakwenda na kurudi kwa miezi na nilimuomba apitishe gari nipime hata kama hana shida, maana kwa kisa hiki kukaa sawa wiki za mwanzo hakuthibitishi kitu, hata zile garage nyingine zilimpa wiki za mwanzo nzuri. Diski ya kulia inasoma 0.03 ya kuyumba, ileile niliyoiacha, na tofauti ya unene haifiki 0.01. Kushoto vilevile. Kilichobaki ni bushi (mpira wa kiungo) ya mkono wa chini wa saspensheni upande wa kushoto imeanza kuchanika, kwa sasa haileti shida lakini bushi mbovu inakuza tetemeko dogo kuwa kubwa, tutaibadilisha akija kuweka tairi mpya na siku hiyo nitatoa diski za nyuma pia nione habu zake zina hali gani.